Meza ni Moja: Tusimfukuze Asiyeweza Kula Ngano



Safari hii tunawaandikia juu ya chapati. Najua wapo watakaocheka, tena wengine wameshaanza kucheka humu humu ndani ya Tume. Mmezoea kutusikia tukisema juu ya ardhi, juu ya rushwa, juu ya malisho, juu ya vikongwe wanaouawa kwa kusingiziwa uchawi. Leo mwatusikia tukisema juu ya chapati, andazi na hostia. Lakini tunaamini kwamba haki ambayo haijafika mezani bado iko njiani. Someni hadi mwisho, kisha mpime wenyewe.

KISA

Katika kigango kimoja cha kwetu, ambacho hatutakitaja kwa sababu kosa lake ni kosa letu sote, yupo msichana aliyeugua tangu alipoacha ziwa. Tumbo lilivimba, mikono na miguu ikawa kama vijiti, kuhara hakukukoma. Alipewa dawa za minyoo, akapewa tena. Alipewa dawa za amiba. Mama yake aliambiwa kwamba hamlishi mtoto, akaletewa unga wa lishe ili amnyweshe uji mara tatu kwa siku. Kadiri alivyonywa uji, ndivyo alivyozidi kudhoofu. Wapo walionong'ona kwamba mtoto ana Ukimwi. Wapo walionong'ona neno baya zaidi, nao walipokuwa wakinong'ona walitazama upande wa nyumba ya bibi mmoja mjane.

Miaka ikapita. Hatimaye mjomba mmoja aliuza ndama wawili, mtoto akapelekwa mbali, kwenye hospitali kubwa. Huko daktari mmoja aliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza: katika uji ule mna nini? Mlikuwa na ngano. Damu ikapimwa, utumbo ukachunguzwa, na jibu likatoka: mtoto ana ugonjwa uitwao siliaki. Dawa yake ilikuwa moja tu, nayo ni kuacha ngano maisha yote.

Akarudi nyumbani, akala ugali wa mtama kwa mlenda na maziwa mgando. Baada ya miezi kadhaa alikuwa akikimbia na wenzake kwenda shule. Mama yake alimshukuru Mungu, akadhani mateso yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha, na walioyaanzisha upya ni sisi. Ilipofika siku ya Komunyo ya Kwanza, mama alieleza shida ya mtoto. Akajibiwa kwamba hostia ni ndogo mno kuweza kumdhuru mtu, na kwamba mwenye imani haugui kwa Mwili wa Bwana. Binti akapokea. Juma lile lote hakwenda shule. Jumapili zilizofuata akabaki kwenye benchi wenzake walipokwenda mbele, na watu wakaulizana ametenda dhambi gani. Kwenye karamu alipokataa chapati, akina mama wakasema, "Anaringa huyu, tangu arudi mjini."

Ndugu wapendwa, mtoto huyu aliponywa na mtama wa mama yake, kisha akajeruhiwa na parokia yake. Ndiyo maana tunaandika.

TUONE

Siliaki ni nini? Ndani ya ngano mna protini iitwayo gluteni. Hiyo ndiyo inayoufanya unga uvutike ukandwapo. Protini za namna hiyo zimo pia katika shayiri na katika nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai. Kwa walio wengi hazina madhara yoyote. Lakini kwa mtu mwenye siliaki, kinga ya mwili wake huiona gluteni kama adui. Katika kupigana nayo, mwili huujeruhi utumbo wake mwembamba wenyewe. Vinyweleo vidogo vya utumbo, ambavyo kazi yake ni kunyonya chakula na kukiingiza katika damu, husinyaa. Basi mtu hula lakini hashibishwi na alichokula. Huhara au huvimba tumbo, hupungukiwa damu, mifupa hudhoofika, mtoto hudumaa. Wengine hawahari kabisa, huchoka tu na kuishiwa damu bila sababu kujulikana.

Ugonjwa huu hauambukizi. Hautokani na laana, wala uchawi, wala uzembe wa mama. Huwapata watu waliozaliwa na uelekeo wake katika damu ya ukoo. Nao hautulizwi kwa kupunguza ngano, bali kwa kuiacha kabisa, kwa kuwa hata makombo huendelea kuujeruhi utumbo.

Aliyeufungua macho ulimwengu ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Tangu miaka ya 1930 alikuwa akiwajaribia watoto wagonjwa chakula kisicho na ngano. Ikaja njaa kuu ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, wakati wa vita, nchi yao ilipokosa mkate. Watoto wengi waliteseka, lakini hawa wa tumbo hawakuzidiwa kama ilivyotazamiwa. Mkate uliporudi, nao wakarudia kuugua. Mwaka 1950 Dicke aliandika tasnifu yake, akionyesha kwamba ngano ndiyo iliyokuwa ikiwaangamiza. Mkate ule uliopokewa kwa machozi ya furaha na taifa zima ulikuwa sumu kwa wachache wake. Jambo hilo si uzushi wa watu wenye madeko.

Wapo watakaosema kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. La hasha. Katika mahali palipochunguzwa duniani ambapo ugonjwa huu umeonekana kwa wingi mno, mojawapo ni humu humu Afrika, kwa Wasaharawi wa Sahara Magharibi. Watu hao waliishi zamani kwa maziwa na nyama ya ngamia, na tende. Ukoloni, na baadaye maisha ya ukimbizi katika makambi ya Tindouf nchini Algeria, vikawafanya waishi kwa mkate wa ngano. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta watoto zaidi ya 5 katika kila 100 wenye siliaki. Duniani kwa jumla hukadiriwa kuwa mtu mmoja hivi katika kila mia. Hospitali isiyo na kipimo haiwezi kuhesabu wagonjwa, na asiyehesabiwa hahudumiwi.

Sasa tutazame jiko letu la Lingeka na vijiji jirani. Je, mtu asiyekula ngano atakufa njaa kwetu? Hata kidogo. Mtama, uwele, ulezi, mahindi, mchele, muhogo na viazi vitamu havina gluteni. Michembe na matobolwa vimewavusha Wasukuma katika ukame mwingi, navyo havina gluteni. Dengu, choroko, kunde, karanga, mboga za majani, dagaa, mayai, nyama na maziwa, vyote ni salama. Nchi hii Mungu aliiandalia meza ya mgonjwa huyu kabla hajazaliwa. Mwenzake wa Ulaya hununua mkate wa pekee kwa bei kubwa, na huyu wetu anao ugali.

Hatari ziko pale ambapo ngano huingia bila kupiga hodi. Ya kwanza ni unga wa lishe, ambao mara nyingi huchanganywa mahindi, mtama, ulezi, soya, karanga na ngano pia, ukauzwa bila maandishi yoyote. Ya pili ni mashine ya kusaga. Mtama safi ukisagwa mara baada ya lishe ya jirani, hutoka na vumbi la ngano. Ya tatu ni karai. Samaki au muhogo uliokaangwa katika mafuta yaliyopika maandazi hubeba gluteni. Ya nne ni mchuzi uliotiwa unga wa ngano ili uwe mzito, na samaki aliyepakwa unga huo kabla ya kukaangwa. Kitumbua cha mchele ni salama, ila muulize mpishi kama hakuongeza ngano kidogo. Wazee nao wajue kwamba bia nyingi za viwandani hutokana na shayiri.

TUPIME

Ikiwa chakula kipo, kwa nini mtoto yule aliteseka? Tunasema bila kuficha: kwa sababu ya dhambi tatu zetu.

Dhambi ya kwanza ni kukidharau chakula chetu. Tumeifanya ngano kuwa chakula cha heshima, na mtama kuwa chakula cha njaa. Mgeni akija, twaona haya kumpa ugali wa uwele, twatuma mtoto dukani akanunue mkate. Paroko akitutembelea, ni chapati. Kipaimara ni keki. Hatukatai kwamba chapati ni tamu, hata sisi twaila. Tunachokataa ni cheo tulichoipa. Cheo hicho kina historia. Upande wa pili wa Ziwa Eyasi, wilayani Hanang, katika miaka ya 1970 na 1980 mashamba makubwa ya ngano yalilimwa Basotu kwa msaada wa Kanada, ili nchi ijitosheleze kwa mkate. Wabarabaig walipoteza malisho yao, na hata makaburi ya wazee wao yakapitiwa na matrekta, mpaka wakaenda mahakamani kudai haki. Waliambiwa kwamba hayo ndiyo maendeleo. Taifa likazoezwa kuamini kwamba mfugaji na maziwa yake ni wa jana, na mkate ni wa kesho. Basi anapotokea mtoto ambaye afya yake imo katika chakula cha jana, hatuna macho ya kumwona. Twamwona mshamba, au anayeringa.

Dhambi ya pili ni kutafuta mchawi mahali pa kutafuta sababu. Tunaijua nchi yetu. Mtoto akikonda bila kueleweka, watu huenda kupiga ramli, na ramli hutoa jina. Jina hilo mara nyingi ni la mwanamke mzee, mjane, mwenye macho mekundu kwa sababu ya kupikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka miaka arobaini. Vikongwe wameuawa kwa mapanga katika Usukuma kwa ushahidi wa namna hiyo. Katika kisa chetu bibi yule alinusurika, kwa kuwa daktari mmoja aliuliza juu ya uji. Ujinga juu ya ugonjwa mmoja waweza kuchimba makaburi mawili: la mtoto, na la jirani asiye na hatia. Mwenye kudhani kwamba habari za tumbo la mtoto si habari za haki na amani, ayatafakari makaburi hayo.

Dhambi ya tatu ndiyo inayotuuma zaidi, nayo ni kufunga mlango ambao Kanisa limeufungua. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, yataka mkate wa Ekaristi uwe wa ngano tupu. Hatuombi libadilishwe hilo, wala hatumshauri mtu kuoka hostia za mtama. Lakini Mama Kanisa hakuwasahau wagonjwa hawa, amejifunza hatua kwa hatua. Mwaka 1995 barua ya Roma bado ilisema kwamba wenye siliaki wasipokewe katika Daraja Takatifu. Tarehe 24 Julai 2003 Idara ya Mafundisho ya Imani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, iliandika upya, na badala ya katazo lile ikahimiza uangalifu mkubwa. Barua hiyo yasema kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa si halali. Ile yenye gluteni kidogo sana, inayotosha kuufanya mkate kuwa mkate, ni halali. Askofu aweza kutoa ruhusa ya kuitumia, nayo ruhusa ikadumu muda wote hali ya mgonjwa ikiwa vile vile. Na mlei asiyeweza kuipokea hata hiyo, aweza kukomunika kwa umbo la divai peke yake. Tarehe 15 Juni 2017 Idara ya Ibada Takatifu ilirudia mafundisho hayo, na aliyetia sahihi ni mwana wa Afrika, Kardinali Robert Sarah kutoka Guinea.

Basi aliyemwambia mama yule kwamba mtoto apokee tu kama wengine, alisema kutoka kichwani mwake. Imani yetu yafundisha kwamba Kristo ni mzima katika kila umbo, apokeaye kikombe hapungukiwi kitu. Nayo imani yetu haifundishi kwamba mageuzo huondoa sifa za ngano zinazoonekana na kuonjwa. Ngano ile bado hulijeruhi tumbo la mgonjwa, sawa na divai ile inavyoweza kumlewesha anywaye kupita kiasi. Kumwambia mgonjwa kwamba anaumwa kwa sababu ya upungufu wa imani ni kumtwisha mzigo ambao Bwana hakumtwisha.

Twasikia pingamizi. "Je, tubadili parokia nzima kwa ajili ya mtu mmoja?" Tunajibu kwa swali: mchungaji wa kondoo mia alimwendea yupi? Mtume Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kuwa katika karamu yao mmoja alikuwa na njaa na mwingine amelewa. Hakuuliza kwanza wenye njaa ni wangapi.

"Gharama je?" Ni kweli, hostia za gluteni kidogo hutoka mbali. Masista Wabenediktini wa Clyde, Missouri, nchini Marekani, walitengeneza zenye gluteni ya asilimia 0.01 tu. Lakini kikombe cha pili hakihitaji meli wala ndege. Kinahitaji padre aliyearifiwa na katekista asiyeona haya kumkumbusha.

"Je, si mtindo wa watu wa mjini kuacha ngano?" Wapo wanaoiacha kwa mtindo, hao hatuwatetei wala hatuwashitaki. Lakini mwigo wa mzima haufuti ugonjwa wa mgonjwa.

TUTENDE

Tunayoomba si makubwa, nasi tunayataka yaanze kabla ya mavuno yajayo.

Altareni. Katekista amuulize kila mzazi wa anayejiandaa kwa Komunyo kama mtoto ana ugonjwa wa chakula. Akipatikana mwenye siliaki, paroko aarifiwe na Askofu aombwe ruhusa inapohitajika. Anayekomunika kwa divai atengewe kikombe chake. Kikombe kikuu hakimfai, kwa kuwa padre hudondosha humo kipande cha hostia kabla ya Komunyo. Mgonjwa apokee wa kwanza kutoka kikombe hicho, wala asiitwe kando kama mwenye kosa.

Jikoni. Katika kila sherehe ya Jumuiya na ya kigango kiwepo chungu kimoja kisichoguswa na ngano, chenye mwiko wake, na kiwekwe mezani pa wote. Afadhali zaidi, chakula kikuu cha sherehe kiwe cha kwetu: ugali wa mtama, wali, viazi, nyama na maziwa. Hapo mgonjwa atakula pamoja na askofu bila kutangazwa. Chapati zije, lakini zije kama mgeni.

Mashineni na sokoni. Mwenye mashine ampe mama wa mgonjwa zamu ya kwanza asubuhi, mashine ikiwa imefagiwa, na unga wa kwanza kutoka uwe wa kuku. Anayeuza unga wa lishe aandike alichochanganya. Akina mama wa WAWATA wanaotengeneza lishe kwa ajili ya watoto wadhaifu waweza kabisa kuacha ngano, kwa maana mahindi, ulezi, soya na karanga hutosha.

Zahanati. Tunawaomba waganga na wauguzi, na kwa namna ya pekee walio katika vituo vya Kanisa, kwamba mtoto anayehara na kudumaa bila kupona kwa dawa zilizozoeleka, aulizwe anakula nini, kisha apewe rufaa. Vipo vipimo vya damu, na baada yake uchunguzi wa kipande kidogo cha utumbo. Nanyi wazazi mjue jambo hili: msimwachishe mtoto ngano kabla ya kupimwa, kwa maana kipimo chaweza kushindwa kuuonyesha ugonjwa. Mpimeni kwanza, ndipo mwache. Nasi walei tuidai serikali yetu ivilete vipimo hivyo karibu, ili maskini wa Simiyu asilazimike kuuza ng'ombe ili kujua ugonjwa wa mwanawe.

Kijijini. Siku mtakaposikia mtoto anakonda na jina la bibi fulani linaanza kuzunguka, mwenyekiti wa Jumuiya asilale. Aende kwa mzazi, aende kwa bibi, na mtoto apelekwe hospitali kwa michango yetu.

Binti wa kisa chetu bado yuko hai, na bado huja kusali. Jumapili iliyopita alikaa tena kwenye benchi wenzake walipokwenda mbele. Kikombe kipo sakristia. Divai ipo. Barua za Roma zipo. Kinachokosekana ni sisi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yetu, nani huacha kula kwenye sherehe zetu? Je, tumewahi kumwuliza sababu kwa upole?

2. Kwa nini twaona haya kumpa mgeni ugali wa mtama au uwele? Tulijifunza wapi haya hiyo?

3. Mtoto akiugua kwa muda mrefu katika kijiji chetu, hatua ya kwanza ya watu ni ipi? Sisi Wakristo tunatofautianaje na wengine?

4. Ni jambo gani moja ambalo Jumuiya yetu italitenda mwezi huu, na nani atalisimamia?

Wenu katika Kristo,
Tume ya Haki na Amani